Mkongo Ulifika, Kasi Ilikwama Wapi?

Julai 2009, mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipoanza kazi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wengi waliamini kwamba enzi ya intaneti ya kusuasua imekwisha. Mwaka huohuo TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah, na EASSy ukafuata 2010. Awali mawasiliano mengi ya nje yalipitia setelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde. Hata hivyo, mkongo haukumaliza malalamiko. Sababu ni kwamba kuongeza kasi sehemu moja ya njia hakuondoi kikwazo; hukihamishia sehemu nyingine, na mara nyingi kikwazo hicho kilikuwapo siku zote, kimefichwa na kile kikubwa zaidi.

Ushahidi ulikuwapo hata kabla ya mikongo. Kanuni za TCP, zinazoongoza utumaji wa data kwenye intaneti, katika umbo lake la awali ziliruhusu kompyuta itume baiti 65,535 tu kisha isubiri jibu. Kwa safari ya nusu sekunde, upakuaji mmoja usingevuka takriban megabiti 1 kwa sekunde, hata kifurushi kingekuwa kikubwa namna gani. Marekebisho yalichapishwa 1992, lakini kompyuta nyingi ziliendelea na mipangilio ya zamani kwa miaka mingi. Nairobi nako, barua pepe kati ya majirani wawili wenye watoa huduma tofauti iliweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Kituo cha KIXP, ambako watoa huduma hubadilishana data moja kwa moja, kilianzishwa 2000 ili kuzuia mzunguko huo, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti wa mawasiliano, kisha kikafunguliwa tena 2002. Waya mnene zaidi usingefupisha njia hiyo.

Leo faiba imeingia sebuleni, na kikwazo kimeingia nayo. Waya wa Ethernet una nyuzi nane: megabiti 100 hutumia nne tu, ila megabiti 1,000 huzihitaji zote. Mmoja wa zile nyuzi nne nyingine ukikatika kwenye plagi, aliyelipia megabiti 200 anaweza kupata chini ya 100, na taa ya ruta huendelea kuwaka kama kawaida. Ruta ya Wi-Fi ya kizazi cha 2003, iliyonadiwa kwa megabiti 54, kwa kweli hufikisha chini ya nusu yake.

Wapo watakaosema huku ni kumtwisha mteja lawama, ilhali kampuni huuza uwezo uleule kwa watu wengi mno. Hoja hiyo ina uzito, na msongamano wa jioni si hadithi. Lakini nao una alama yake: kompyuta ichomekwe kwa waya kwenye ruta, kasi ipimwe alfajiri, kisha saa tatu usiku. Ikiwa ndogo nyakati zote mbili, waya na ruta vikaguliwe kwanza. Ikishuka usiku tu, shaka kubwa iko nje ya nyumba, na mteja ana vipimo vya kumwekea mtoa huduma mezani badala ya manung'uniko.