Bunduki ya Whitworth ilipita Karagwe
Unajua Speke alibeba nini alipofika kwa Omukama Rumanika, Karagwe, Novemba 1861? Mzigoni mlikuwa na bunduki ya Whitworth. Mwaka 1860 Malkia Victoria alifyatua aina hiyo kule Wimbledon, yadi 400, risasi ikagonga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Usishangae sana lakini: ilifungwa kwenye egemeo, yeye akavuta uzi tu. Siri ni mtutu wa pembe sita. Darubini ya Davidson, ya kukuza kama mara nne, ilifungwa ubavuni mwa bunduki hizo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Ukikuza zaidi, mtetemo wa mkono nao unakua.

Februari 1862 Whitworth ikawa zawadi ya Kabaka Mutesa, pamoja na karabini. Speke anaeleza kwamba karabini moja Mutesa alimpa kijana wake akamjaribie mtu uani. Hapo darubini ya nini?