Jinsi ya kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa kusomea ng'ambo

MWANAFUNZI wa Kangema, Kaunti ya Murang'a, aliyefunzwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi huenda akashangaa kutakiwa kuthibitisha kwamba anaifahamu lugha hiyo kabla ya kwenda kusomea ng'ambo. Ingawa Kiingereza ni lugha rasmi nchini, Kenya haimo katika orodha ya mataifa ambayo Uingereza huyahesabu kuwa ya wazungumzaji wa Kiingereza.

Mtihani huu haufai kudharauliwa. Mnamo 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alifichua kwamba kati ya wauguzi 300 waliotahiniwa ili waajiriwe Uingereza, ni 10 pekee waliofaulu.

Hatua ya kwanza ni kukiuliza chuo husika ni mtihani upi na alama ngapi kinachohitaji. Baadhi ya vyuo vikuu vya Uingereza hukubali gredi ya Kiingereza ya KCSE, na mwombaji huepuka gharama.

Mtihani wa IELTS, ulioanzishwa 1989, hutoa alama kuanzia 0 hadi 9 na una sehemu nne. Kusikiliza kuna maswali 40 katika muda wa dakika 30 hivi, na sauti huchezwa mara moja tu. Kusoma kuna maswali 40 kwa saa moja. Katika kuandika, pia kwa saa moja, mtahiniwa wa masomo ya chuo hueleza mchoro au jedwali kwa maneno yasiyopungua 150, kisha huandika insha ya maneno yasiyopungua 250. Mazungumzo na mtahini huchukua dakika 11 hadi 14.

Ugeni umo hapo. Katika KCSE, stadi za kuzungumza hutahiniwa kwa maandishi, ilhali hapa mtahiniwa hujibu papo hapo, ana kwa ana. Yafaa azoee kuzungumza na mwenzake kwa dakika mbili mfululizo kuhusu mada asiyoitarajia, na aandike akiitazama saa. Majibu ya kukariri hupunguza alama, lakini jibu lisilo sahihi katika kusikiliza na kusoma haliadhibiwi, asiache pengo.

Matokeo hukubalika kwa miaka miwili. Kwa hivyo, pasipoti itafutwe mapema, na mtihani ufanywe karibu na wakati wa kutuma maombi.