Vitenzi virai vya Kiingereza

Kitenzi kirai cha Kiingereza ni kitenzi kinachoundwa na kitenzi cha kawaida pamoja na neno dogo moja au mawili, kama vile *up*, *out*, *off* au *after*. Maneno hayo kwa pamoja hubeba maana moja, ambayo mara nyingi haipatikani kwa kutafsiri neno moja moja. Kwa mfano, *give* ni "toa" na *up* ni "juu", lakini *give up* ni "kata tamaa". Shuleni huitwa *phrasal verbs*, jina lililotumiwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake *Words and Idioms* cha mwaka 1925.

Tofauti na Kiswahili

Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: *go in* ni "ingia", *go out* ni "toka", *go down* ni "shuka" na *come back* ni "rudi". Pia hubadilisha maana kwa kubadilisha umbo la kitenzi: *put on* ni "vaa", *take off* ni "vua". Kinyambo, lugha ya Kibantu ya wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, nacho hutumia viambishi vya vitenzi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kata ya Ihembe, Karagwe, anaweza kuzungumza Kinyambo nyumbani, kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kukutana na vitenzi hivi kidato cha kwanza, ambapo karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Havipo katika somo la Kiingereza pekee:

* Sayansi: *Carry out the experiment* (Fanya jaribio).
* Hisabati: *Work out the area* (Kokotoa eneo).
* Historia: *The Kagera War broke out in 1978* (Vita vya Kagera vilizuka mwaka 1978).
* Maelekezo ya mtihani: *Fill in the blanks* (Jaza nafasi zilizo wazi).

Asiyevielewa anaweza kukosa swali ambalo jibu lake analijua.

Aina na matumizi

1. Visivyo na shamirisho: *The bus broke down at Kayanga* (Basi liliharibika Kayanga).
2. Vinavyotenganishwa: shamirisho huweza kukaa mwishoni au katikati, yaani *Turn off the radio* au *Turn the radio off* (Zima redio). Shamirisho likiwa kiwakilishi, lazima likae katikati: *Turn it off*, si *Turn off it*.
3. Visivyotenganishwa: *She looks after her grandmother* (Anamtunza bibi yake). Hapa hata kiwakilishi hukaa mwishoni: *She looks after her*.
4. Vyenye maneno madogo mawili: *We have run out of sugar* (Sukari imetuishia). Navyo kwa kawaida havitenganishwi.

Kitenzi kimoja huweza kuwa na maana kadhaa. *The plane took off from Bukoba* ni "Ndege iliruka kutoka Bukoba", lakini *He took off his shoes* ni "Alivua viatu". Sentensi nzima ndiyo inayoonyesha maana.

Makosa ya kawaida

* Kutafsiri moja kwa moja: "fungua redio" huwa *open the radio*, badala ya *turn on the radio*.
* Kuacha neno dogo: *Pick me at the bus stand*, badala ya *Pick me up at the bus stand* (Nipitie stendi).
* Kuongeza neno lisilohitajika: *cope up with* badala ya *cope with* (kumudu), au *discuss about* badala ya *discuss* (kujadili).

Baadhi ya matumizi hayo yamezoeleka katika Kiingereza cha Afrika Mashariki na hueleweka katika mazungumzo, lakini katika mtihani yanaweza kuhesabiwa kuwa makosa.

Lugha rasmi

Vitenzi virai vingi ni vya mazungumzo. Katika insha na barua rasmi, mara nyingi hutumika kitenzi cha neno moja: *postpone* badala ya *put off* (ahirisha), *discover* badala ya *find out* (gundua), *continue* badala ya *go on* (endelea).

Katika kamusi nyingi vitenzi hivi huorodheshwa chini ya kitenzi kikuu: *look after* hutafutwa kwenye *look*.