GDB: usimamizi wa kumbukumbu
GDB, programu ya kusakia hitilafu, ilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 kwa lugha ya C. Kumbukumbu iliombwa kwa kitendakazi xmalloc na kurudishwa kwa xfree. Kosa likizuka katikati ya kazi, usafi ulitegemea make_cleanup, na aliyesahau kuusajili alivujisha kumbukumbu. Kisha GDB ilihamia C++, na toleo 8.0 la mwaka 2017 lilidai kompaila ya C++11. Sasa unique_ptr, kielekezi cha C++, humiliki kitu na kukifuta chenyewe bila kusubiri msimbo mwingine, hata kosa likizuka.

Badiliko lenye manufaa zaidi ni dogo: kila uga wa muundo hupewa thamani ya mwanzo pale unapotangazwa, badala ya kitendakazi memset kuujaza muundo sifuri. Memset juu ya muundo wenye std::string huiharibu kimyakimya, hivyo msimbo wa GDB huzuia memset kama hiyo wakati wa kukompaili.