Mbegu Juu ya Moshi

Kukhu, nyanya yangu, alitundika mahindi ya mbegu juu ya meko, jikoni kwake Bungoma, ili moshi uzuie wadudu. Jirani akiishiwa, alipewa. Hakuna aliyeandika deni.

Halafu zikaja mbegu za Kitale. Mwaka 1964 ilitolewa H611: mzazi mmoja mahindi ya Kitale, mwingine mahindi ya kutoka Ecuador. Hapakuwa na jeni lililopachikwa maabarani, ni kuchavusha tu. Magunia yaliongezeka kweli. Lakini mbegu chotara ukiipanda tena kutoka ghalani, nguvu yake hupungua. Basi tukazoea kurudi dukani kila msimu.

Ndiyo maana Oktoba 2022, serikali ilipoondoa marufuku ya GMO iliyodumu tangu 2012, wenzangu walibishana kama ugali huo utatuletea magonjwa. Mimi nilijiuliza: mbegu itakuwa ya nani? Sheria yetu ilikuwa tayari inamtisha mkulima kwa kifungo na faini ya hadi shilingi milioni 1 akiuza mbegu isiyosajiliwa. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Siipingi sayansi, njaa haina adabu. Ila wakulima wa Ecuador, waliochagua mahindi yale kizazi baada ya kizazi, sijawahi kusikia wakishukuriwa huku kwetu. Kukhu naye alichagua miaka yote. Jina lake haliko kwenye pakiti yoyote.