Ndege isiyoruka nayo huhitaji matengenezo: ukarabati wa ukumbi wa historia ya ndege za abiria

Ndege ikishastaafu na kuwekwa makumbusho, wengi hudhani kazi yake na gharama zake zimekwisha. Sivyo. Bodi lake huendelea kuliwa na kutu, matairi hupasuka, vitambaa vya viti hupauka, na jengo linaloihifadhi huzeeka pia. Ndiyo maana makumbusho hulazimika kufunga ukumbi wa maonyesho, kutoa vitu vyote na kuanza upya.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo kwa mfano mmoja: ukumbi uitwao America by Air, ulio katika jumba la National Air and Space Museum mjini Washington, Marekani. Ukumbi huu unasimulia jinsi safari za ndege za kulipia nauli zilivyoanza na kukua nchini humo.

Ukumbi huu ulianzaje?

Jumba lenyewe lilifunguliwa Julai 1, 1976, Marekani ilipokuwa ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru. Watu walifurika. Ndani ya miezi sita tu lilikuwa limeshapokea mgeni wa milioni tano. Tangu siku ya kwanza palikuwa na ukumbi wa ndege za abiria na mizigo, nyingi zikiwa zimening'inizwa darini kwa nyaya za chuma.

Mwaka 2007 ukumbi huo ulipangwa upya na kupewa jina la America by Air. Wakati huo iliongezwa pua ya Boeing 747, sehemu ya mbele yenye chumba cha marubani, iliyokatwa kutoka ndege ya kwanza ya aina hiyo kumilikiwa na shirika la Northwest. Kisha ukaja ukarabati mkubwa wa jumba zima, ulioanza mwaka 2018. Machi 2022 jumba lilifungwa kabisa kwa wageni, na Oktoba 14, 2022 upande wa magharibi ukafunguliwa ukiwa na kumbi nane zilizotengenezwa upya. America by Air ulikuwa mmojawapo.

Mna nini ndani yake?

Ili kuelewa kwa nini watu wanahangaika kuhifadhi vyuma hivi vikuukuu, ni vizuri kujua vinasimulia nini.

Safari ya kwanza ya ndege yenye ratiba na nauli nchini Marekani ilifanyika Januari 1, 1914, kuvuka ghuba kati ya miji ya St. Petersburg na Tampa, jimbo la Florida. Ilikuwa ndege ndogo ya kutua majini, yenye nafasi ya abiria mmoja. Safari ilichukua dakika 23. Nauli ya kawaida ilikuwa dola 5, lakini kiti cha siku ile ya kwanza kilipigwa mnada, na aliyekuwa meya wa St. Petersburg akakipata kwa dola 400. Biashara hiyo ilidumu miezi michache tu.

Kilichoikuza biashara ya ndege Marekani kilikuwa barua. Mwaka 1918 serikali ilianza kusafirisha barua kwa ndege kati ya Washington, Philadelphia na New York. Kuanzia mwaka 1925 sheria iliruhusu makampuni binafsi kupewa mikataba ya kazi hiyo. Ukumbi una ndege ya barua aina ya Douglas M-2, mfano wa zile zilizofanya kazi kati ya Los Angeles na Salt Lake City kuanzia mwaka 1926. Baadhi ya abiria wa mwanzo kwenye njia hiyo walikaa palepale palipowekwa mifuko ya barua.

Kisha kuna Ford Tri-Motor, ndege ya injini tatu ya miaka ya 1920. Bodi lake ni la bati lenye migongo, mithili ya mabati tunayoezekea nyumba. Ilikuwa imara, lakini kelele zake ziliwachosha abiria. Karibu yake ipo Boeing 247, iliyoruka mara ya kwanza Februari 1933. Ilibeba abiria 10, na chuma kikuu cha mabawa kilikatiza ndani ya chumba cha abiria, hivyo mtu alilazimika kukiruka ili afike kwenye kiti chake.

Ya kutazamwa zaidi pengine ni Douglas DC-3. Aina hii iliruka mara ya kwanza Desemba 17, 1935. Ilikuwa na viti 21, na iliyaweza makampuni kupata faida kwa nauli za abiria peke yake, bila kutegemea malipo ya barua. DC-3 iliyomo ukumbini ilitumiwa na shirika la Eastern Air Lines kuanzia mwaka 1937 hadi 1952, na ilikaa hewani zaidi ya saa 56,000. Ukizipanga mfululizo, usiku na mchana, hiyo ni zaidi ya miaka 6. Sasa inaning'inia darini, na uzito wake unazidi tani 7.

Kwa nini jumba lilikarabatiwa?

Sababu ya kwanza haikuwa ndege. Ilikuwa nyumba.

Kuta za nje zilikuwa zimefunikwa kwa vipande vyembamba vya marumaru kutoka jimbo la Tennessee. Kwa miaka mingi ya joto, baridi na mvua, vipande hivyo vilijikunja na kupasuka. Vyote viliondolewa na mahali pake pakawekwa jiwe la graniti. Mitambo ya kupoza na kupasha hewa, ambayo mingi ilikuwa na umri sawa na jumba lenyewe, nayo ilikuwa imechoka.

Kwa nyumba ya kawaida, kiyoyozi kikifa watu hufungua madirisha. Makumbusho hayawezi kufanya hivyo. Hewa ikipata unyevu mwingi leo na kukauka kesho, mbao na vitambaa huvimba na kusinyaa huku chuma kilichoshikana navyo kikibaki vilevile. Matokeo yake ni nyufa. Alumini, madini yanayotumika zaidi kwenye ndege, haifanyi kutu nyekundu kama chuma, lakini unyevu huitoboa na kuiachia unga mweupe. Jua linaloingia kwenye vioo nalo hupausha rangi na kukausha ngozi na mpira.

Kwa hiyo paa linalovuja na kiyoyozi kibovu vinaweza kuharibu polepole ndege iliyovumilia dhoruba kwa miaka 15 angani.

Kazi yenyewe hufanywaje?

Kila makumbusho yana utaratibu wake, lakini hatua kuu hufanana.

*Kuandika kila kitu.* Kabla ya kugusa chochote, wataalamu hupiga picha kila upande, hupima na kuandika hali ya kitu: mkwaruzo uko wapi, skrubu ipi imekosekana. Kila kipande kinachofunguliwa hupewa namba. Pasipo hivyo, siku ya kuunganisha watu wangebaki na ndoo ya skrubu zisizojulikana zilikotoka.

*Kushusha.* Ndege iliyoning'inizwa haishushwi kwa haraka. Uzito wake hukokotolewa, vifaa vya kunyanyulia hufungwa kwenye sehemu zilizo imara, kisha huteremshwa kidogo kidogo. Mara nyingi mabawa hufunguliwa ili ipite mlangoni.

*Kuhamisha au kufunika.* Vitu vingi vya jumba hili vilipelekwa kwenye kituo chake kingine, Steven F. Udvar-Hazy Center, kilicho jimbo la Virginia karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Huko kuna maghala na karakana ya ukarabati. Baadhi ya vitu vikubwa mno vilibaki jumbani na kujengewa vizimba vya kuvikinga na vumbi na mitikisiko ya ujenzi.

*Kusafisha na kutibu.* Vumbi hutolewa kwa brashi laini na mashine ya kufyonza. Mabaki ya mafuta ya injini hukaguliwa, kwa sababu mafuta ya zamani hugeuka asidi na kula chuma. Matairi hupunguziwa mzigo kwa kuiegemeza ndege kwenye vigingi vya chuma. Wafanyakazi huvaa kinga, kwani ndege za zamani zina hatari zake: baadhi ya saa za chumba cha marubani zilipakwa radiamu ili zionekane gizani, na madini hayo hutoa mionzi mpaka leo.

*Kurudisha na kuandika maelezo mapya.* Jengo likishakuwa tayari, ndege hurudishwa, taa hupangwa zisichome vitu, na mabango ya maelezo huandikwa upya.

Kuifanya mpya au kuiacha na makovu yake?

Hapa ndipo wataalamu hubishana zaidi. Ndege inaweza kupakwa rangi ikang'aa kama imetoka kiwandani jana. Lakini rangi ya zamani ikishakwanguliwa hairudi tena. Pamoja nayo huondoka ushahidi: ni kiwanda gani kiliipaka, ilibadilishwa mara ngapi, ilitengenezwa wapi baada ya kugongwa.

Msimamo wa wengi siku hizi ni kuzuia uharibifu usiendelee, na kubadilisha kidogo iwezekanavyo. Kipande kipya kikilazimika kuwekwa, hutiwa alama na kuandikwa kwenye kumbukumbu, ili mtu wa miaka 50 ijayo asidanganyike kwamba ni cha asili.

Hadithi ya nani?

Kukarabati ukumbi ni pia kukarabati simulizi. Historia ya ndege ni rahisi kuisimulia kama historia ya mashine na wanaume waliozibuni. Ukweli ni mpana zaidi.

Kwa mfano, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 viwanja kadhaa vya ndege katika majimbo ya kusini mwa Marekani vilikuwa na vyumba vya kusubiri na vyoo tofauti kwa weusi na weupe. Mashirika makubwa ya ndege hayakuwa yakiajiri marubani weusi. Marlon Green, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga, aliomba kazi shirika la Continental mwaka 1957 akakataliwa. Aliidai haki yake hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1963 iliamua upande wake. Mwaka 1965 alianza kazi.

Wanawake nao walikuwa na njia yao ndefu. Mwaka 1930 muuguzi Ellen Church alikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama mhudumu wa ndege. Alikuwa na leseni ya urubani, lakini urubani hakupewa. Ilichukua zaidi ya miaka 40 baada ya hapo mashirika makubwa kuanza kuajiri wanawake kuendesha ndege.

Maana ya vitu vyenyewe pia hubadilika. Pua ya Boeing 747 ilipowekwa mwaka 2007, ndege za aina hiyo zilikuwa bado zikitengenezwa. Ya mwisho ilikabidhiwa kwa mteja Januari 2023, baada ya kutengenezwa 1,574. Pua ni ileile, lakini bango lililosema habari za leo sasa lazima liseme habari za jana.

Hili linatuhusu vipi Afrika Mashariki?

DC-3 si ngeni kwetu. Ndege za aina hiyo zilitumiwa na East African Airways, shirika lililoanza mwaka 1946 na kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika, na nafasi yake ikachukuliwa na mashirika ya nchi moja moja.

Shirika likifa, ndege huuzwa na ofisi hufungwa. Kinachobaki mara nyingi kimo majumbani: sare ya mhudumu, tiketi, picha ya wafanyakazi uwanjani, kitabu cha kumbukumbu za safari za rubani. Maadui wa vitu hivyo ni walewale wanaopambana nao Washington, na njia za kuvilinda hazihitaji fedha nyingi:

- Usitundike picha au nguo ya zamani panapopigwa na jua.
- Usiweke karatasi sakafuni wala kwenye ukuta unaotoa unyevu. Ziweke juu, kwenye sanduku kavu, na zikague mara kwa mara uone kama kuna mchwa au mende.
- Usilaminishe hati za zamani wala kuziunga kwa selotepu. Gundi huzila, na kuiondoa ni shida.
- Andika nyuma ya picha, kwa penseli laini, majina, mahali na mwaka, wakati wanaokumbuka wangali hai.
- Piga picha ya kila kitu kwa simu na uitume kwa ndugu mwingine, ili isibaki sehemu moja tu.

Hatua ya nne ndiyo isiyosubiri. Bati laweza kupakwa dawa na paa laweza kuezekwa upya. Jina la aliyesimama wa tatu kutoka kushoto, likishasahaulika na wote, hakuna karakana inayoweza kulirudisha.