Goti la Guimard

Tangu goti langu likatae kupanda Ngong kwa baiskeli, nimekuwa nikisoma habari za watu waliosimamishwa na magoti. Ndivyo nilivyokutana na Cyrille Guimard, Mfaransa wa karibu na Nantes, aliyezaliwa 1947.

Kwenye Tour de France ya 1972 alimsumbua Eddy Merckx kweli kweli. Alishinda hatua nne. Pale Mont Revard, Merckx alikuwa ameshaanza kushangilia, kumbe Guimard anairusha baiskeli yake mbele na kumpiku mstarini. Lakini magoti yalikuwa yamekwisha. Akiwa wa pili kwa jumla, na jezi ya kijani mwilini, alijiondoa Paris ikiwa karibu kabisa. Merckx ndiye aliyeishia kupewa jezi ile. Akamkabidhi Guimard.

Mapema 1976 jamaa akastaafu, na mara moja akawa mkurugenzi wa timu ya Gitane. Miaka 29! Nyota wake, Mbelgiji Lucien Van Impe, alimzidi umri kwa miezi mitatu. Sasa mwamuru huyo.

Van Impe alizoea kuwinda jezi ya wapanda milima. Kushinda Tour yenyewe hakukumkaa akilini. Siku ya kupanda Pla d'Adet, Guimard alituma mwendeshaji amwambie achomoke. Van Impe akasita. Ujumbe ukaenda tena. Husimuliwa kwamba mwishowe Guimard alimfikia kwa gari na kutishia kumgonga. Ukweli au chumvi, Van Impe alichomoka, akavaa manjano, akaifikisha Paris. Hajatokea Mbelgiji mwingine aliyeshinda Tour tangu hapo.

Ubabe, ndiyo. Ila mimi naisikia pia sauti ya mtu aliyewahi kuishika Tour ikamponyoka.

Kisha akaja Bernard Hinault: 1978, 1979, 1981, 1982. Mwaka 1980 uliorukwa hapo ni goti tena. Hinault aliondoka Pau usiku akiwa anaongoza. 1983 goti likamweka nje kabisa, na uhusiano wake na bosi ukavunjika, maana alichoka kuamriwa. Renault, waliokuwa na timu, wakambakiza Guimard. Mkurugenzi akaenda Tour na kijana wa miaka 22, Laurent Fignon, ambaye hakuwa ameikimbia hata mara moja. Akashinda. Mwaka uliofuata Fignon akamwacha Hinault kwa zaidi ya dakika kumi.

Tour saba kutoka kwenye kiti cha gari. Sehemu hiyo ya Hinault bado inanisumbua: Guimard, kati ya watu wote, alijua goti linavyouma, na bado mbio ziliendelea na mwingine.

Jumapili wenzangu wanapanda Ngong. Wameniomba niendeshe gari la maji nyuma yao. Sijawajibu.